Wito wa Harambee: Kamba, Kofia na Taa kwa Vijana wa Mapango ya Chyulu

Kwa wazazi na wazee mlio nyumbani, kwa watoto wetu mlioko Nairobi na Mombasa, na kwa kila anayeitakia Chyulu mema: tunawasalimu katika jina la Bwana, na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum.

Tunaandika tukiona haya. Ni juzi tu mlitoka kutuchangia mabati ya darasa, mkatoa bila kunung'unika, na mvua iliyopita watoto walisoma wakiwa wakavu. Lakini anayeombwa ni yule aliyewahi kutoa. Asiyetoa hatumsumbui.

Mnavijua vilima vyetu. Mvua inanyesha, ukungu unalala msituni kule juu, na mto huuoni hata mmoja. Hapa si mawe ya chokaa kama mapango ya pwani. Ni lava, imejaa nyufa na mapango, na maji yote yanazama. Yanaibukia chini: Umani, Makindu, na hasa Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, panapobubujika zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyapeleka Mombasa. Sisi wa huku juu tunanunua kwa mtungi. Hilo tuliache, lina siku yake.

Vijana wetu huwaongoza wanafunzi na wageni mapangoni, na wakiingia hifadhini huwa na ruhusa ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Pango la Leviathan lililo humo lilipimwa miaka ya 1970 likapita kilomita 11. Mashimo yaliyo kwenye mashamba yetu hayajachorwa na mtu, ndiyo vijana wanayoyapima kwa futi ya fundi cherehani na daftari la shule. Wanacheka wenyewe, lakini ramani zinatoka.

Aibu yetu iko kwenye usafi. Tumeyageuza mashimo hayo kuwa jalala: chupa za dawa ya nyanya, nepi, betri, mizoga. Mara ya mwisho walipokuwa wakisafisha walivuta magunia kwa kamba ya kufungia mizigo ya lori, iliyokwisha kuchakaa katikati. Gunia lilikwama kwenye ncha ya mwamba, likapasuka, na mzoga wa mbuzi wa siku nyingi ukammwagikia kijana aliyekuwa chini. Taa yake ilikuwa simu aliyoibana kwa meno. Kofia hakuwa nayo, kwa kuwa tunazo tatu tu, na mbili ni za bodaboda. Tunashukuru Mungu halikuwa jiwe. Mama yake alisimama mkutanoni akatuuliza kama tunangoja matanga ndipo tuchange. Hakuna aliyemjibu.

Ndugu zetu wa Mombasa, hatuwalaumu kwa lolote. Ila mjue kwamba lava yenye nyufa haichuji maji kama mchanga. Kinachotupwa shimoni huku, mvua inakipeleka kule kule maji yanakokwenda. Vijana hawa wanasafisha birika mnalonywea. Mwaka jana mchango uliotoka mjini kwenu ulikuwa mdogo kuliko wa kwaya ya watoto. Tunajua mwaka huu mtajirekebisha.

Tunahitaji kofia ngumu 12, taa za kichwani 12, kamba mbili za kupandia mwamba pamoja na mikanda yake, glavu, mabuti, na mafunzo ya uokoaji kwa vijana wanne. Jumla ni Sh. 240,000. Kamati imeshatoa Sh. 31,000 mfukoni mwake.

Kila shilingi itaandikwa. Risiti zitabandikwa kanisani na msikitini, na mweka hazina atasoma hesabu mbele ya baraza. Waliotoa ahadi za mabati na hawajakamilisha, kitabu bado kipo. Hatutataja majina.

Harambee ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, uwanja wa shule, baada ya ibada. Walio mbali watumie kwa M-Pesa, namba ya mweka hazina iko kwenye kadi. Kutakuwa na mnada wa kuku, mayai na asali. Anayeleta mbuzi aje naye mapema, na amlete na kamba yake, maana habari za kamba yetu mmezisikia.