Barua ya wazi kwa vijana wa kijiwe chetu cha bodaboda, Moshi

Wanangu,

Marahaba kwa shikamoo zote mnazonipa kila asubuhi. Mimi ni yule mzee mnayemwachia kiti cha ukutani, karibu na birika la kahawa. Nimeona niandike badala ya kusema, kwa sababu pale kijiweni hakuna neno refu linalofika mwisho: abiria akiita, aliyekuwa akisikiliza ameshaondoka.

Nianze kwa kuwaambia kwamba ninayapenda mazungumzo yenu. Mlima ukiwa bado wazi, kabla mawingu hayajaufunika, ninyi mmeshapita bungeni Dodoma, mmeshapima kikosi cha Simba na cha Yanga, mmeshauliza dola imefikia wapi, na mmeshatoa hukumu juu ya vita vya nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzikanyaga. Ninakuja kila siku kwa ajili ya hayo zaidi ya kahawa yenyewe. Jambo moja tu linanisumbua, nalo ndilo lililonikalisha mezani: habari hizo mnazishabikia kama mechi, mshindi akipatikana mnaziacha pale pale, na hakuna anayeuliza habari hiyo itapita njia gani hadi kufika mfukoni mwake. Ninaomba swali hilo liulizwe kijiweni, kila asubuhi.

Swali hili nililipata kwa gharama. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni huko Brazili. Nilikuwa kijana shambani kwa baba, Kibosho, na redio ilipoitaja habari hiyo hatukuitilia maanani, kwa kuwa Brazili kwetu ilikuwa nchi ya mpira. Kahawa ya Brazili ikapungua sokoni, na kufikia mwaka 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda kuliko tulivyowahi kuona, watu wakaezeka bati, wakaoa, wakapeleka watoto shule za mbali, na wote tukaamini kwamba bei ile ni stahili ya mlima wetu na kwamba itadumu. Haikudumu. Kisha ikaja Julai 1989, nami wakati huo nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Nchi zinazouza kahawa na zile zinazoinunua zilishindwa kukubaliana kuhusu mgawo wa mauzo, mgawo ukaachwa, kila nchi ikauza itakavyo, na katika miezi michache bei ikashuka karibu nusu. Niliisikia taarifa hiyo kwa masikio yangu. Tuliijadili jioni nzima, tukalaumu huyu na yule, na kesho yake nikaenda kukopa fedha za kumalizia nyumba nikitegemea malipo ya msimu uliofuata. Deni lile nililimaliza kwa kuuza ng'ombe wawili. Ninachokijutia ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiandika bei katika vitabu vya chama, nikiziona tarakimu kila siku, na bado sikuiunganisha habari ya redio na mkopo wangu.

Sasa tutazame petroli, maana petroli kwenu ni kama kahawa ilivyokuwa kwetu. Februari 2022 vita ya Ukraine ilipoanza, nakumbuka mlivyogawanyika pande mbili juu ya nani atashinda. Vita ile ilipandisha bei ya mafuta duniani, na kufikia katikati ya mwaka ule lita moja ya petroli ilikuwa imevuka shilingi 3,000, na Serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa kituoni, na yetu sisi wa kaskazini huhesabiwa kwa mafuta yanayopokelewa bandari ya Tanga, kisha inaongezwa gharama ya kuyasafirisha hadi hapa. Ndani ya bei hiyo imo bei ya soko la dunia, imo thamani ya shilingi yetu mbele ya dola, na zimo kodi na tozo zinazopitishwa na Bunge. Kwa hiyo mnapobishana juu ya dola na juu ya bajeti, mnabishana juu ya tangi la pikipiki zenu, ingawa hamlitaji.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Mwenye kutumia lita 3 kwa siku, bei ikipanda shilingi 150 kwa lita, ameongezewa shilingi 450 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 katika mwezi, hiyo ni shilingi 11,700. Kwa kijana aliye kwenye pikipiki ya mkataba, anayempelekea mwenye chombo hesabu ya shilingi 10,000 kila jioni, maana yake ni kwamba amefanya kazi siku nzima na zaidi kwa ajili ya ongezo hilo peke yake. Je, nauli ya kwenda Pasua au hospitali ya KCMC imebadilika? Je, mmekaa mkakubaliana nauli mpya kwa adabu, mkawaeleza abiria sababu yake, au kila mmoja amepandisha anavyojua na mama wa Mbuyuni mwenye matenga yake amewakimbia? Bei ya kila wilaya hupatikana bure kwa simu ya kawaida, kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Ninaomba mmoja wenu apewe kazi hiyo kila mwezi, aiandike ubaoni.

Desemba pia ni habari, hata kama haisomwi redioni. Wenzetu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, mabasi yanajaa, na kwa wiki mbili abiria wa kupanda Uru, Kibosho na Marangu hawaishi. Hakuna kosa katika kufurahi, na mtori na mbege vina wakati wake. Lakini Januari inafuata na madaftari, sare, viatu na michango, kwa maana elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 haikuondoa vitu hivyo. Fedha ya Desemba iwekwe kwenye kikoba siku ileile inapopatikana, au akabidhiwe mama watoto, ambaye kwa uzoefu wangu ndiye mtunza hazina aliye makini kuliko wengi wetu.

Juu ya siasa nitasema jambo moja tu, kwa kuwa mengine mnayasema vizuri kuliko mimi. Mnawajua mawaziri wote kwa majina, lakini nilipouliza mkutano wa mtaa umefanyika lini, mlitazamana. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kwa vijana haipewi mtu mmoja mmoja kwa kelele zake, hupewa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki, na mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ninyi mko zaidi ya 20 pale kijiweni, na bado wapo kati yenu wanaokopa kausha damu, mikopo ile ya riba kubwa, kwa simu usiku. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu zinazokopesha mitandaoni bila leseni. Ninaomba kila aliye na deni la namna hiyo aangalie kama jina la mkopeshaji wake limo. Mikeka ya kubeti siiongezei maneno, kwa kuwa mnajua ninavyoumia ninapoiona.

Nimewanunulia daftari moja kubwa la mistari. Nimelichora safu tatu: habari, njia yake, na shilingi ngapi kwa siku. Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao nitalileta saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hamjatawanyika, na ukurasa wa kwanza utakuwa wa bei ya petroli. Kalamu ninaomba aje nayo yule mdogo wenu aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, maana mwandiko wake unasomeka na macho yangu hayaoni vizuri tena.

Ni mimi mzee wenu,
Moshi