Baba, Marafiki Zangu Nimewapa Nyimbo za Wanyika

Utrecht, Uholanzi
9 Novemba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeshaanza na saa kumi na mbili jioni huku ni giza tupu. Natumaini wewe, Mama, Bibi na wote wa nyumbani hamjambo, na kwamba goti lako halikusumbui sana msimu huu wa vuli.

Wiki mbili zilizopita uliniuliza kwenye simu: "Huko unaishi na watu gani?" Nikakujibu, "Watu wazuri tu, Baba," kisha tukaingia kwenye habari za paa la jikoni. Nilipokata simu moyo ulinisuta. Baba akimuuliza mwanawe anaishi na watu gani, anastahili jibu lililo kamili. Ndiyo maana leo nimechukua kalamu na karatasi. Nilichotaka kukueleza hakisemeki vizuri huku mtandao unakatika kila baada ya maneno matatu.

Nilikaa nikifikiri nianzie wapi. Majina ya marafiki zangu nikikutajia leo, kesho utakuwa umeyasahau, na picha hazisemi mtu ana tabia gani. Hapo nikakumbuka baraza yetu ya Ngamiani, pale Tanga. Ulikuwa ukirudi kazini unatoa redio kaseti nje, unaweka kanda ya Wanyika, zile bendi zetu za dansi, na majirani wanaanza kusogea mmoja mmoja. Ulikuwa umempa kila mtu wimbo wake. Fundi cherehani alikuwa na wake, muuza kahawa alikuwa na wake, hata yule mzee aliyekuwa hapendi muziki ulimpa wimbo, na siku ulipopigwa alitikisa kichwa. Nilikuwa mdogo, nikakuuliza unajuaje wimbo gani ni wa nani. Ukaniambia: "Usimpe mtu wimbo kwa sababu ya jina la wimbo. Msikilize mtu kwanza, halafu usikilize wimbo mpaka mwisho."

Basi nimefanya hivyo. Nimewasikiliza marafiki zangu karibu miaka mitatu sasa, na nyimbo nimezisikiliza tangu nikiwa tumboni kwa Mama.

Naanza na mzee ninayefanya naye kazi. Nilikwambia kwamba niko kwenye maegesho ya baiskeli chini ya stesheni. Sijui kama nilikwambia ukubwa wake: zinaingia baiskeli 12,500, ghorofa tatu. Wewe ambaye umeendesha baiskeli Tanga maisha yako yote ungepapenda mahali hapa. Kila siku kuna watu wanaosahau wameegesha wapi. Wanazunguka, treni inawaacha, hasira zinapanda, na hasira hizo zinatuangukia sisi. Mzee huyu ni Mhindi wa Suriname, nchi ya Amerika Kusini iliyokuwa chini ya Waholanzi hadi 1975. Alikuja huku akiwa kijana. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Mtu anafoka, yeye anasikiliza, halafu anamwuliza kwa upole, "Ulikuja na mvua au jua lilikuwa linawaka?" Mtu anakumbuka alikuwa amelowa, anakumbuka alishika njia ipi, na baiskeli inaonekana.

Kwanza nilimpa "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Nilisema huyu ndiye yule anayeuliza hasira za nini. Kisha nikakumbuka onyo lako, nikausikiliza mpaka mwisho, nikaona nimekosea. Mwimbaji pale ana utulivu, kweli, lakini ni utulivu wa mtu anayejitetea. Wanaume wawili wamekasirikiana kwa ajili ya mwanamke asiye wa huyu wala wa yule, na kila mmoja ana wake nyumbani. Uliwahi kusema, "Huyu anasema hana makosa, lakini hasemi kwamba hakufanya kitu." Mzee wangu hajitetei kamwe. Kwa hiyo maneno ya wimbo nimeyatoa, nimempa gitaa la besi peke yake. Lile besi la Tom Malanga linakwenda bila haraka wala kubaki nyuma, na wengine wote wanalitegemea hata pale wasipolisikia. Mzee wangu ni hilo besi.

Nilipompigia wimbo kwenye simu yangu wakati wa chai, aliuliza wapigaji ni watu wa wapi. Nikamsimulia kama ulivyonisimulia. Kwamba Wilson na George Kinyonga walitoka kwetu Tanga, walipiga na bendi ya Jamhuri Jazz, 1970 wakahamia Arusha, 1971 wakaingia Nairobi, na hatimaye bendi yao ikaitwa Simba Wanyika. Kwamba Novemba 1978 baadhi ya wenzao walitoka: Omari Shabani aliyeitwa Profesa, Tom Malanga, Rashid Juma na Issa Juma. Wakamchukua John Ngereza, Mtanzania mwenzao, wakafanya mazoezi kama miezi sita, na 1979 wakajitokeza pale Garden Square, Nairobi, kwa jina la Les Wanyika. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo nao walikuwa ugenini." Baba, mimi nimezisikiliza nyimbo hizo maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri hivyo. Kwangu zilikuwa sauti ya baraza yetu. Kumbe waliozipiga walikuwa mbali na kwao, kama nilivyo mimi sasa.

Maneno ya "Sina Makosa" hayakupotea. Nimempa kijana ninayekaa naye nyumba moja, Mwitalia, mwenye maelezo ya kila jambo. Nampenda, lakini vyombo havioshi.

Wa pili ni dada mmoja Mmoroko aliyezaliwa hapahapa Utrecht. Yeye nimempa "Pamela". Ukimwona utasema nimekosea, kwa sababu Pamela ni msichana wa shule anayeonywa amalize masomo kabla ya mambo mengine, na dada huyu ni mtu mzima mwenye watoto wawili. Lakini yeye si Pamela, ni yule anayemwonya. Tulikutana maktaba, anakojitolea kufundisha wageni Kiholanzi kila Jumanne jioni. Mwaka wangu wa kwanza niliacha darasa kwa sababu ya kazi za usiku. Alinitafuta. Alikuja stesheni na daftari langu nililolisahau, akanipa bila kusema neno, akaenda zake. Jumanne iliyofuata nilikuwa kitini. Mtihani nimefaulu mwezi Machi, na bila yeye nisingefaulu.

Sasa nakuja kwa "Sigalame". Najua utasema wimbo huo ni wa Issa Juma na Super Wanyika Stars, wala si wa Les Wanyika. Lakini wewe mwenyewe uliwaweka wote kwenye kanda moja, ukaandika ubavuni kwa kalamu nyekundu "Wanyika", na mimi nafuata kanda yako.

Nina rafiki Mkongo wa Bukavu. Kiswahili chake kina ladha nyingine, anasema "niko nakula" na "batu" na mambo kama hayo, na baada ya wiki nzima ya Kiholanzi hicho Kiswahili chake kwangu ni kama maji ya dafu. Huyu bwana alikuwa na tabia ya kupotea. Jumamosi tukipanga kupika pamoja, hayupo. Simu haipokei. Anarudi baada ya wiki mbili au tatu, amevaa vizuri, hasemi alikuwa wapi. Mimi na wenzangu tukaanza kumwita Sigalame: yuko Bungoma, anafanya biashara, biashara gani hatujui. Naye alikuwa anacheka tu.

Mwezi wa Agosti nilimkuta kwenye treni ya kwenda Ubelgiji. Nilikuwa nakwenda Antwerp, yeye anakwenda Liège. Ndipo nikajua. Shangazi yake aliyemlea yuko kule, amepoteza kumbukumbu, na hamjui mtu yeyote isipokuwa yeye. Zile nguo nzuri anazivaa kwa sababu shangazi anapenda kumwona nadhifu. Miaka miwili alikuwa anakwenda na kurudi, na sisi tunamwimbia. Baba, niliona haya. Nilimwomba radhi palepale ndani ya treni na nikamwambia jina hilo nimeliacha. Akakataa. Akasema usiku anapotoka kule amechoka, akisikia mtu anamwita Sigalame anajua kuna watu waliokuwa wanamngoja. Kwa hiyo jina limebaki, ila mimi nikilitamka sasa nalitamka tofauti. Mara mbili nimekwenda naye Liège. Shangazi ananiita kwa jina la mdogo wake, nami naitika.

Yuko pia Mweritrea mmoja niliyempa "Shilingi", wimbo wa Simba Wanyika. Anaandika kila senti kwenye daftari, kwa sababu kila senti ina mtu anayeisubiri nyumbani kwao. Shilingi yaua, tena maua: sijapata maneno mengine yanayomfaa zaidi ya hayo. Yeye hana mengi ya kusimulia, lakini usiku akirudi kazini huweka viatu vyake mlangoni taratibu asituamshe, na hilo nataka ulijue.

Baba, mpaka hapa nimekwenda kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Kuna mmoja nimemwacha mwisho.

Mambo kama haya, kwa desturi yetu, ningempitishia Shangazi, naye angekuja kwako kwa wakati wake na kwa maneno yake. Nimefikiri hivyo, na kama utaona nimevuka mpaka unisamehe. Lakini uliniuliza wewe mwenyewe naishi na watu gani.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, nilikuwa zamu ya usiku. Ghorofa ya chini kabisa sauti inarudi kama uko pangoni Amboni. Nilikuwa napanga baiskeli na kujiimbia ule mwanzo wa "Sina Makosa". Nikamaliza mstari wa kwanza. Mstari wa pili ukajibiwa kutoka nyuma ya safu za baiskeli, kwa sauti ya kike, kwa Kiswahili cha Mombasa. Nilisimama. Nilikuwa sijamsikia mtu akiimba kwa lugha yetu ndani ya jengo lile hata siku moja. Akatokea akisukuma baiskeli yenye pancha, akaniuliza, "Kwani wewe watoka wapi?" Nikasema Tanga. Akasema, "Basi wewe jirani."

Ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Ni muuguzi. Baba yake naye alikuwa na kanda zake. Nilimsimulia ulivyokuwa unasikiliza redio ya Sauti ya Kenya usiku, wakati ule mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983, mtu hapiti pale mpakani Horohoro lakini wimbo unapita. Akasema kwao walikuwa wanajua kabisa kwamba upande wa pili kuna watu wanasikiliza.

Mwezi Aprili huku kuna Siku ya Mfalme, kila mtu anatandika nje na kuuza vitu vya zamani. Akaniletea zawadi kutoka kwenye mkeka wa mtu: diski ya Simba Wanyika, "Pepea". Sikujua, Baba, na labda nawe hukujua: mwaka 1991 walikuja kupiga huku Uholanzi, na albamu hiyo waliirekodi nchini humu. Wale vijana wa Tanga walifika hapa kabla sijafika mimi. Tuliisikiliza yote jikoni, yule Mweritrea akiwa ameketi nasi, na alipoondoka yule muuguzi jiko lilikuwa kubwa mno.

Yeye nimempa "Kajituliza Kasuku". Hapo sina haja ya kueleza; wewe ndiye uliyenifundisha namna ndege anavyotua. Nataka tu ujue kwamba sikumpa kwa sababu ya jina la wimbo. Nimemsikiliza miezi ishirini. Anaswali, anacheka kwa sauti, hasahau siku ya mtu, na akikosea husema amekosea. Anajua kwamba nakuandikia. Ameniomba nikupe shikamoo yake wewe na Mama, akaniambia nisiongeze neno.

Msomee Mama barua hii, ila ukifika kwenye habari za kasuku utakuwa umeshajua useme nini, maana yeye ataanza kupanga mambo ya Horohoro siku hiyohiyo. Bibi umwambie kwa sauti kubwa, sikio la kushoto.

Usinijibu kwenye simu. Ukishafikiri, nitumie jina la wimbo mmoja tu, ule utakaoona unamfaa mkweo mtarajiwa, au ule utakaoona unanifaa mimi kama nimeharakisha. Nitauweka, nitausikiliza mpaka mwisho.

Mwanao wa pili