Jukwaa la Sydney liliasisiwa na wafungwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu maigizo katika makoloni ya Uingereza ilisema kwamba tamthilia ilianza Australia mwaka 1833, Barnett Levey alipofungua Theatre Royal mjini Sydney. Naomba nafasi niwatetee watu ambao kauli hiyo imewafuta.

Tarehe 4 Juni 1789, miaka 44 kabla ya ukumbi wa Levey, wafungwa waliopelekwa huko kwa meli kutoka Uingereza waliigiza *The Recruiting Officer* ya George Farquhar, kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Mfalme George III. Koloni lenyewe lilikuwa halijatimiza hata mwaka mmoja na nusu. Ukumbi ulikuwa kibanda cha udongo cha wafungwa, kimepambwa kwa yadi tatu nne za karatasi za rangi na kuwashwa mishumaa kumi na miwili. Watazamaji walikuwa kama 60, Gavana Arthur Phillip miongoni mwao. Tamthilia hiyo inawacheka maofisa wanaowalaghai wanakijiji wajiunge na jeshi. Na hapo wafungwa waliicheza mbele ya maofisa waliokuwa wakiwalinda. Watkin Tench, ofisa aliyeiandika habari hiyo, anakiri kwamba baadhi ya waigizaji walifanya vizuri sana.

Kisha akaja Robert Sidaway. Huyu alifika na msafara wa kwanza wa meli akiwa mfungwa, akasamehewa, akawa mwoka mikate. Januari 1796 alifungua ukumbi wa kwanza halisi wa maonyesho mjini Sydney, akishirikiana na wenzake. Waliopanda jukwaani walikuwa wafungwa na watu waliokwisha kutumikia vifungo vyao. Kiti cha bei nafuu kilikuwa shilingi moja, na asiye na fedha taslimu aliweza kulipa kwa unga, nyama au pombe kali. Hebu fikirini, katika koloni ambalo miaka michache tu nyuma watu walikuwa wakipunguziwa posho ya chakula kwa sababu ya njaa, mtu anatoa unga wake akatazame mchezo!

Tangazo la onyesho la *Jane Shore* la tarehe 30 Julai 1796 lipo hadi leo. Ndilo karatasi kongwe kuliko zote zilizochapwa Australia na kubakia. Lilichapwa na mfungwa, George Hughes, na Kanada ililirudisha Australia mwaka 2007. Sijui kama kuna ushahidi mwingine ambao mwandishi wenu angeuhitaji.

Ukumbi wa Sidaway haukudumu. Wezi waligundua kwamba watu wakiwa kwenye maonyesho nyumba zao hubaki tupu, na wakubwa wakauona kuwa chanzo cha maovu. Baadaye wafungwa wa shamba la serikali la Emu Plains walijijengea jukwaa lao. Nalo likafungwa wakati wa Gavana Ralph Darling. Kwa hiyo Levey alipopata kibali, wafungwa walikuwa wamesukumwa nje ya jukwaa walilolianzisha wenyewe, na hilo halikutokana na uhaba wa vipaji.

Mwenye kutaka mfano amtazame Edward Geoghegan, kijana wa Ireland aliyekuwa akisomea udaktari kabla ya kuhukumiwa. Tamthilia zake, ikiwemo *The Currency Lass*, zilichezwa katika ukumbi wa Royal Victoria mwaka 1844 na watu wakazipenda, lakini yeye ilimbidi alifiche jina lake, kwa kuwa mfungwa hakuruhusiwa kujihusisha na maonyesho. Watu walimpigia makofi mtu wasiyeruhusiwa kumjua.

Naomba mchapishe sahihisho la mwaka ule, na kama nafasi ipo, makala kamili kuhusu Sidaway na Geoghegan. Wanafunzi wangu wa fasihi husoma gazeti lenu, na mwaka 1833 tayari umeshaingia kwenye madaftari yao.

Mwalimu wa fasihi,
Tanga