Tuleteeni dansi sinema, ila na miguu iwemo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake mliitoa, yule aliyesema kupeleka baleti, ile dansi ya jukwaani ya kusimama kwenye ncha za vidole, kwenye majumba ya sinema ni sawa na kumpa mwenye baridi picha ya moto aote. Nilicheka kwa kweli, jamaa anajua kuandika, na siwezi kusema kakosea yote maana hajakosea yote. Ila mi hizo dansi za kwenye skrini nimeziangalia, nimekaa humo kwenye giza nikaumia roho na nikafurahi pia, na nadhani ugomvi wake kaupeleka nyumba siyo.

Anasema dansi ni ya kuonwa laivu ili pumzi na jasho la mchezaji likufikie pale ulipo. Sawa. Lakini hivi hilo jasho linamfikia nani? Linawafikia wa safu tatu za mbele. Aliyekaa kule juu nyuma kabisa, ambaye naye kalipa, anaona watu ukubwa wa njiti za kiberiti, na hata huyo ana bahati maana anaishi kwenye mji wenye kampuni ya baleti, sisi wengine tuliobaki dunia nzima hatuna hata hizo njiti.

Halafu kuna jambo hakuligusa kabisa. Dansi haikai. Mshairi akifa shairi linabaki, mchoraji anaacha picha ukutani, ila mchezaji magoti yakishamwishia basi kila alichofanya kimeondoka naye, labda awe alitokea mtu na kamera. Mwaka 1956 Bolshoi, kampuni ya baleti ya Moscow, walipoenda London, mtengeneza filamu Paul Czinner aliwarekodi kwa kamera kadhaa kwa mpigo ili asiwasimamishe kila dakika, Galina Ulanova akicheza baleti ya Giselle, mama wa miaka 46 anacheza kibinti cha kijijini na unamwamini kabisa. Miaka kumi baadaye, 1966, Czinner huyohuyo akatoa filamu ya baleti ya Romeo and Juliet, wachezaji Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev, Fonteyn kashapita 45 na Juliet wa kwenye hadithi hata 14 hajafika, na bado pale anapokimbia na lile shuka lake unasahau kuhesabu miaka ya mtu. Wachezaji wote watatu hao walishakufa. Sasa mwenzangu anataka tukawaone laivu wapi?

Hii ya kurusha maonyesho ya jukwaani moja kwa moja kwa satelaiti mpaka sinema ni ya juzijuzi, Metropolitan Opera ya New York walianza tarehe 30 Desemba 2006, ile ni opera, mchezo wa kuimba, lakini ndo waliofungua mlango na wenye baleti wakaingia nyuma yao, Royal Ballet ya London, Bolshoi ya Moscow, ikawa mtu anaingia ukumbi uleule aliouzoea kwa muvi za ngumi na magari kulipuka anakuta okestra inaweka sawa vyombo. Ya Bolshoi ilikatika 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa inaisambaza ikajitoa. Za London zikaendelea.

Sasa nikueleze Mhariri kilichonikuta mimi, maana hapo ndo ugomvi wa kweli ulipo.

Ilikuwa Swan Lake, ile ya binti aliyegeuzwa bata maji. Ukumbi sitautaja. Tulikuwa watu kumi na moja, nilihesabu, na mmoja wetu alikuwa mtoto kalala tangu matangazo. Picha ilipoanza nikaona kuna kitu hakiko sawa ila sikujua nini, mpaka ilipofika sehemu ya pili wakatoka wale bata maji wadogo wanne. Kama hujawahi kuiona hiyo dansi, wanashikana mikono kwa kupishanisha mbele, wanne kama mnyororo, hawaachiani mpaka mwisho, mikono imefungwa haina kazi, kwa hiyo dansi nzima iko kwenye miguu na vichwa vinavyogeuka pamoja tap tap tap. Basi kwenye skrini yetu miguu haikuwepo. Nakwambia ukweli. Picha ilikuwa imevutwa ijaze skrini yote kwa upana, chini ikaliwa kuanzia katikati ya miundi, juu vichwa vinakatika kila wakiruka, tukabaki tunaangalia wasichana wanne waliotulia wanatetemeka tu kama wamepanda basi la barabara ya vumbi.

Nikatoka nje nikamwambia kijana wa mlangoni. Akaniangalia akasema mbona muvi zingine hakuna aliyelalamika. Sikumlaumu sana, muvi zingine watu wanaongea na sura, sura ikionekana kazi imeisha, nani ana shida na kiatu cha polisi? Akamwita fundi wa projekta, wakahangaika, baada ya robo saa picha ikarudi umbo lake na miguu ikarudi. Ila bata maji wanne walishaenda zao.

Sehemu ya tatu ikaja na ile mizunguko 32. Hapo yule bata maji mweusi, yaani yule binti feki anayemdanganya mwana wa mfalme, anasimama mguu mmoja kwenye ncha za vidole na ule mwingine unachapa hewa kama mjeledi, anazunguka palepale mara 32, mambo yaliyoingia kwenye Swan Lake mwaka 1895 kule St. Petersburg na Muitaliano Pierina Legnani na tangu hapo kila binti anayecheza nafasi hiyo anajua watu wanamhesabia. Na mimi nilikuwa nahesabu. Nimefika 19, dairekta akakata picha akatuonyesha mwana wa mfalme anatabasamu. Anatabasamu! Tukakaa kwenye meno yake weee, kurudi kwa binti anamalizia. Hiyo sasa haikuwa kosa la kijana wa mlangoni wala la ukumbi, hilo lilikuja limeshafungashwa hivyohivyo kutoka huko lilikotoka.

Kwa hiyo hapo namkubalia mwenzangu nusu. Ukiwa ukumbini laivu jicho ni lako, unaweza kuangalia miguu, unaweza kuangalia yule wa mwisho mstari wa nyuma anayekosea kidogo, sinema kuna mtu anakuchagulia, na huyo mtu akiwa na hofu kwamba utachoka basi atakurukisha huku na huku kama mpira wa kikapu. Mwili wa mchezaji umesimama wima na skrini imelala, ndo shida yenyewe, ukimvuta karibu ili ajaze skrini lazima ukate kitu na wanachokata siku zote ni miguu. Fred Astaire, mcheza dansi wa kwenye muvi, alilijua hilo tangu miaka ya 1930 huko Hollywood, alikuwa anadai aonekane kuanzia kichwa mpaka kiatu na kamera isikatekate hovyo, na ndo maana mpaka leo ukimwangalia unaona dansi, huoni vipande vya dansi. Miaka karibu mia imepita na watu wenye mitambo ya kisasa bado wanakata miguu, inashangaza.

Ila sio wote. Mhariri kuna waliofanya vizuri mpaka mtu unasahau hoja ya laivu. Dairekta wa filamu Wim Wenders alikuwa amepanga kwa miaka mingi kutengeneza filamu na Pina Bausch, yule mama mtunzi wa dansi wa Wuppertal, Ujerumani, ila Wenders alikuwa anasema hajui dansi airekodi vipi mpaka ilipokuja 3D. Juni 2009 Pina akafariki, ghafla tu, kabla kazi ya kurekodi haijaanza. Wenders akataka kuacha, wachezaji ndo waliosukuma iendelee, filamu ikatoka 2011. Kuna ile sehemu jukwaa limemwagwa udongo, udongo kweli, wanakimbia wanaanguka wanachafuka, na kwa sababu ni 3D unaona nafasi kati ya mtu na mtu, unaona nani yuko mbele na nani kaachwa nyuma, kitu ambacho skrini ya kawaida inakilaza chote kama karatasi. Wanacheza mpaka barabarani chini ya ile treni yao inayoning'inia. Laivu hiyo ungeiona wapi?

Na nyingine, hii ndo nataka mwenzangu anijibu. Mwaka 2020 dansi hiyohiyo ya udongo ya Pina ilikuwa inafanyiwa mazoezi Senegal, kwenye shule ya dansi ya mama Germaine Acogny, wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika. Walikuwa waanze kuionyesha Machi, korona ikafunga kila kitu. Kabla hawajatawanyika wakashuka ufukweni Toubab Dialaw jioni, wakaicheza mchangani, jua linazama, kamera zipo. Isingekuwa kamera ile jioni isingeonwa na mtu yeyote zaidi ya wao na wavuvi. Picha ya moto anasema! Siku ile huo moto uliokuwepo ulikuwa ndani ya kamera peke yake.

Na unajua mi niliiangalia kwenye nini? Simu. Watu 38 kwenye kioo cha kiganja, bahari yote imekuwa unene wa kidole, nilikuwa naivuta karibu na vidole viwili ili nione uso, nikiona uso nimepoteza kundi. Hiyo ni kazi ya skrini kubwa na spika zinazotikisa kiti. Filamu kama hizo zipo, tunaziangalia chooni na kwenye daladala, halafu wenye kumbi wanasema hakuna wateja wa dansi.

Wateja watatoka wapi kama inaonyeshwa mara moja tu, siku ya kazi, saa ambayo hata mstaafu ana shughuli, na tangazo limebandikwa nyuma ya mlango unaofunguka? Mi ningewaomba wenye kumbi, wala sio mambo makubwa, fundi ajaribu picha kabla watu hawajaingia, achukue hata dakika tano aangalie kama mtu wa kwenye skrini ana miguu. Halafu kabla haijaanza mtu asimame atuambie ina sehemu ngapi na mapumziko ni lini. Na watu waruhusiwe kupiga makofi bana, mi nilipiga makofi peke yangu siku ile baada ya ile mizunguko 32 (au 19 na meno), mtoto akaamka, mama yake akanikata jicho.

Hilo la mapumziko nimelitaja kwa sababu. Siku ile sehemu ya tatu ilipoisha pazia likafungwa, wachezaji wakatoka mbele kuinama kama kawaida yao, na kijana wetu kuona watu wanainama akajua imekwisha. Akawasha taa, akafungua milango, dada wa usafi akaingia na ufagio, na huko juu projekta ikazimwa. Wale wengine wakainuka wakaondoka wameridhika kabisa, mimi nikabaki nimesimama nasema jamani bado, bado kuna sehemu ya nne, fundi alishashuka anavaa koti.

Na Swan Lake haina mwisho mmoja, Mhariri, kuna wanaoimaliza wale wapenzi wawili wanajitosa ziwani wanakufa, na kuna wanaoimaliza yule mchawi aliyemgeuza binti bata maji anashindwa na mapenzi yanashinda, inategemea ni kampuni gani na nani kaipanga. Kwa hiyo mpaka leo sijui wale wangu waliishia vipi. Kama kuna msomaji wenu aliiona ile ya mwana wa mfalme mwenye meno, aniandikie kupitia kwenu.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote.