Msituitie hotelini, njooni Mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na kampuni zinazotoa fedha ili watu wa kipato cha chini wafundishwe usalama wa mtandao. Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Wateja wangu ni akina mama wa dagaa, wabeba mizigo, wavuvi, na madalali wanaopakia malori ya kwenda Kongo na Burundi.

Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilitualika mawakala na wafanyabiashara wadogo kwenye semina hotelini. Sina ugomvi na ukarimu wao. Sambusa zilikuwa za nyama kweli, na fulana waliyonipa bado naivaa. Ila semina ilianza saa mbili asubuhi, tena siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Mtu yeyote wa ufukweni angewaeleza kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na alfajiri boti zikitia nanga ndipo soko linapowaka. Mama wa dagaa akiondoka saa hizo, siku yake imekwisha. Kwa hiyo waliojaa ukumbini ni watu ambao asubuhi hawana haraka, na sisi wachache tulioacha ndugu vibandani. Mwezi ukishakuwa mpevu boti hupumzika, watu hushona nyavu na kupiga soga. Hizo ndizo siku za kuita watu, na kuzijua hakuhitaji mshauri wa kulipwa.

Mkufunzi alikuwa kijana mwerevu na mwenye adabu. Alituonyesha picha ukutani, maandishi yote ya Kiingereza, kuhusu virusi vinavyofunga mafaili ya kompyuta mpaka mwenyewe alipe. Akatufundisha kutunga nywila ndefu yenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Jirani yangu wa kiti, muuza sangara wa kukaanga, alikuwa na kitochi mkononi chenye kitufe kimoja kilichong'oka. Akaniuliza kwa Kisukuma kama kompyuta zenyewe zitagawiwa baada ya chakula.

Tukafika kwenye namba ya siri. "Usimtajie mtu yeyote." Ni sahihi, nami sibishi. Sasa niwaeleze yanayotokea kibandani kwangu. Anakuja bibi kutoka visiwani, kusoma hajui, mjukuu wake wa Dar es Salaam amemtumia hela. Ananikabidhi simu, halafu anataja namba yake ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia. Kwa kawaida ni mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza. Nikimwambia, "Bibi, mimi siruhusiwi kuisikia hiyo," atageuka na kumpa simu kijana yeyote aliyesimama karibu. Sheria ya semina itakuwa imetimizwa na hela ya bibi itakuwa imeondoka.

Ninachofanya ni kuwaomba watu warudi nyuma, kisha namrudishia simu na kumwelekeza vitufe kwa mahali vilipo: cha katikati chini, cha juu kushoto, na kadhalika. Tunachagua namba mpya ambayo vidole vyake vitaikumbuka kama njia, hata kama macho hayaisomi. Inachukua muda, foleni inanung'unika, na kamisheni ya muamala wenyewe ni ndogo. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo. Ningependa sana kampuni yenye hela iwalipe watu wanaojua zaidi yangu walifanyie kazi vizuri, kisha wawafundishe mawakala wote kuanzia hapa hadi Nansio.

La pili halikutajwa kabisa hotelini. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, na hasa ule uzimaji ulioanza tarehe 20 Januari 2020, watu wengi ambao hawakuwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, waliazimwa kidole na ndugu. Laini iko mkononi kwa mama, lakini kwenye mtandao ni ya shemeji aliyehamia Geita. Simu ikitumbukia ziwani, na huku kwetu hutumbukia, mama hawezi kuirudisha laini mpaka shemeji apatikane. Wakigombana, shemeji anaweza kwenda kuirudisha yeye, na akiba ya mama ikawa hatarini. Tunaambiwa tupige *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu. Ni jambo jema, lakini linamwonyesha shemeji. Mama hajioni popote. Huyu hahitaji somo la virusi, anahitaji mtu wa kumshika mkono hadi NIDA, kisha hadi duka la kampuni ya simu.

Na mikopo ya kwenye simu je? Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kabla ya hapo, na baadaye vilevile, nimeona akina mama wenye simu janja wakidhalilishwa kwa sababu waliruhusu programu isome majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu. Mchungaji, mwenyekiti wa kikoba, mkwe, wote wanapata meseji kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Kwetu hilo linauma kuliko kuibiwa.

Binti yangu, aliyesomea kompyuta, amenieleza kwamba wenzetu Marekani wana kliniki za usalama wa mtandao ndani ya vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilianza yake mwaka 2018. Wanafunzi, wakisimamiwa na walimu wao, huhudumia bure taasisi zisizo na uwezo wa kuajiri mtaalamu, na mwaka 2023 Google ilitangaza dola milioni 20 kuzitunisha kliniki za namna hiyo. Kilichonivutia kuliko dola ni neno kliniki. Mtu akiumwa anajua pa kwenda, na wiki ijayo akirudi anamkuta mhudumu. Semina ikiisha saa kumi, ukitapeliwa saa kumi na moja utampigia nani?

Vijana tunao. Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha shahada ya usalama wa mtandao, na vyuo vya hapa Mwanza vina wanafunzi wa kompyuta ambao kila mwaka hutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, wengi wakiishia kutoa fotokopi kwenye ofisi za watu. Waleteni Mwaloni, Igombe na Kayenze. Mfadhili alipe nauli, chakula na msimamizi mmoja mzoefu anayeongea Kisukuma au Kikerewe. Wawe na meza ya kudumu. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ikiingia, wamwonyeshe mtu pale pale jinsi ya kuipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli. Wakala akipokea meseji ya muamala bandia, wamzoeshe kuangalia salio la floti, yaani hela yake ya kazi iliyo kwenye simu, kabla ya kuhesabu noti. Na wao wenyewe watajifunza mambo ambayo darasani hayapo.

Nina neno moja kwa wafadhili ambao ni kampuni za simu na benki. Mkija kutufundisha kumtambua tapeli, njooni na majibu pia. Mimi huripoti namba ya tapeli asubuhi, na jioni namba ile ile inampigia mteja wangu ikijiita huduma kwa wateja. Hapo mimi nimeshafanya sehemu yangu ya somo. Mkitangaza kwenye gazeti mmetumia shilingi kadhaa kuelimisha jamii, tuandikieni pia ngapi zilikwenda kwenye ukumbi, ngapi kwenye fulana na mabango, na ngapi kwa mkufunzi. Sisi wa soko tunapenda mchanganuo.

Meza nawaazima mimi, na kivuli kipo. Kodi ya kibanda nimelipa hadi Desemba.

Wakala wa Mwaloni,
Kirumba, Mwanza