Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayefungia madaftari yake

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema matokeo yako hayatatoka daftarini mpaka yasiwe na hata ufa mmoja, maana ukiyasoma mbele ya chama cha wanasayansi kuna mtu atayaiba. Tena unasema vyama vyenyewe ni vya wazee wanaovishana medali. Hilo la pili nitalijia, kwa sababu lina ukweli ndani yake. La kwanza silikubali, na nimeona nikujibu hadharani kwa kuwa najua wenye hofu kama yako ni wengi.

Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1610 Galileo, mwanaastronomia wa Italia, alielekeza darubini yake kwenye Zohali, akaona kama nyota tatu zilizobanana. Hakutaka kusema kabla ya kuwa na hakika, wala hakutaka mwingine amtangulie. Basi akaandika sentensi ya Kilatini, akazivuruga herufi zake na kuwatumia wenzake fumbo hilo. Kepler, mwanaastronomia mwenzake, alihangaika nalo, mwishowe akalifumbua visivyo: yeye alipata kwamba Mirihi ina miezi miwili. (Inayo kweli, ila ilikuja kuonekana mwaka 1877, na kwenye fumbo haikuwamo kabisa.) Robert Hooke, mwanasayansi wa Uingereza, naye mwaka 1676 alichapisha kanuni yake ya springi hivi: ceiiinosssttuv. Watu wakangoja miaka miwili ndipo wakaambiwa kwamba springi hurefuka kwa kadiri ya nguvu inayoivuta.

Kinachonichekesha ni kwamba Hooke alikuwa mtu wa ndani wa Royal Society ya London, chama kilichokuwa kimekwisha kupata dawa ya ugonjwa huo. Kilianzishwa Novemba 1660, na katibu wake, Henry Oldenburg, aliendesha jambo dogo lililobadilisha kila kitu. Barua ya ugunduzi ikifika, inaandikwa tarehe, inasomwa kikaoni, na ikifaa inachapishwa. Kuanzia Machi 1665 alikuwa na jarida la kuzichapishia, na jarida hilo linatoka hadi leo. Aliyetangulia kutuma hakuwa na haja ya mafumbo tena, kwani tarehe ilimlinda. Oldenburg mwenyewe aliishia gerezani kwa muda mwaka 1667, katika Mnara wa London. Nchi ilikuwa vitani na Waholanzi, na mtu anayeandikiana hivyo na watu wa nje lazima ashukiwe.

Dawa hiyo iliwafaa hata wasio na jina. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi. Hakusoma chuo kikuu, Kilatini hakukijua, na mwaka 1676 aliandika kwa Kiholanzi kwamba ndani ya maji ameona viumbe hai vidogo mno. London walitia shaka, nao walikuwa na haki. Hooke akatengeneza hadubini, akajaribu mpaka Novemba 1677 akaviona, na wanachama wakaviona pamoja naye. Mwaka 1680 yule muuza vitambaa akachaguliwa kuwa mwanachama, ingawa kwenye kikao hakufika hata siku moja. Lakini namna yake ya kutumia hadubini zake bora aliificha, na alipofariki mwaka 1723 akaondoka nayo.

Ninayeogopa zaidi usije ukafanana naye, hata hivyo, ni Henry Cavendish, mwanasayansi wa Uingereza. Huyu alikuwa tajiri kupindukia na mwenye haya kupindukia. Inasimuliwa kwamba watumishi wake wa kike aliwaagiza chakula kwa vikaratasi ili asionane nao. Aliingia Royal Society mwaka 1760. Alipoamua kusema, alisema jambo zito: mwaka 1798 alieleza jinsi alivyopima mvutano kati ya matufe ya madini ya risasi, makubwa na madogo, kwa ufito ulioning'inizwa kwenye waya. Kutokana na hapo akapata kwamba Dunia ni nzito takriban mara 5.48 kuliko maji ya ujazo ule ule. Sisi leo tunasema 5.5. Kazi hiyo aliifanya akiwa na miaka zaidi ya 60.

Ila majaribio yake mengi ya umeme aliyaacha kwenye makaratasi. Kifaa cha kupimia mkondo wa umeme hakikuwapo, kwa hiyo alitumia mwili wake mwenyewe: anajipiga shoti kupitia kitu kimoja, kisha kingine, anapima kwa maumivu ipi imezidi. Kwa njia hiyo ya kutisha alipata jambo ambalo leo tunaliita sheria ya Ohm, ihusuyo mkondo wa umeme na ukinzani, iliyotangazwa mwaka 1827. Kwa majaribio mengine alipata ile ya Coulomb, ihusuyo nguvu kati ya chaji za umeme, iliyotangazwa mwaka 1785. Alifariki mwaka 1810. Makaratasi yakakaa mpaka mwanafizikia James Clerk Maxwell alipoyapanga na kuyachapisha mwaka 1879, wakati kila kilichomo kilikwisha kugunduliwa upya na kupewa majina ya wengine. Hakuna aliyemwibia, mpwa wangu. Coulomb na Ohm walifanya kazi zao kihalali kabisa.

Sasa lile la wazee na medali. Ni kweli, na tena ni baya kuliko ulivyosema. Hertha Ayrton, bingwa wa umeme, aliandika makala mwaka 1901, na ikabidi mwanamume aisome kikaoni kwa niaba yake. Mwaka uliofuata akapendekezwa kuwa mwanachama, Royal Society ikamkataa: mwanamke aliyeolewa hakutambuliwa kisheria kuwa na sifa hiyo. Mwaka 1906 wakampa medali, uanachama wakambania. Wanawake wa kwanza waliingia mwaka 1945, na wakati huo Ayrton alikuwa amefariki zaidi ya miaka 20 nyuma. Huko Paris, Académie des sciences, chama cha wanasayansi cha Ufaransa, ilimkataa Marie Curie Januari 1911, mwaka ule ule aliopata Nobeli yake ya pili. Siwezi kuwatetea, wala sitajaribu. Lakini angalia Ayrton alichofanya: mwaka 1904 alisimama akasoma makala yake mwenyewe mbele yao.

Kwangu mimi faida ya chama iko kwa mtu mmoja au wawili waliomo. Agosti 1684 Edmond Halley, mwanaastronomia na mwanachama wa Royal Society, alimwendea mwanahisabati Isaac Newton huko Cambridge akamuuliza: nguvu ya Jua ikipungua kwa mraba wa umbali, sayari itapita njia gani? Newton akajibu papo hapo, duaradufu, amekwisha kuikokotoa. Karatasi iko wapi? Akaitafuta, hakuiona. Ilibidi Halley ambembeleze. Novemba zikafika kurasa tisa, na mwaka 1687 kikatoka kitabu kizima, baada ya Halley kumtuliza Newton alipogombana na Hooke na kutishia kuizuia sehemu ya tatu. Chama hakikuwa na fedha, kwani zilikwisha kwenye kitabu kikubwa cha samaki ambacho hakikununuliwa. Halley akalipia uchapishaji kwa fedha zake, kisha chama kikamlipa mshahara wake kwa nakala za kitabu cha samaki.

Sidhani mwenyekiti wenu ana lolote la kukufaa. Yule mama uliyeniambia anauliza maswali makali kila kikao, huyo ndiye wa kumfuata. Andika kurasa nne: ulichopima, ulivyopima, na kosa lako linaweza kufika kiasi gani. Weka tarehe. Mpelekee katibu kabla ya kikao kijacho, na mimi unitumie nakala, kwani zile hesabu za wastani ulizonionyesha nina shaka nazo na ningependa kuzirudia.

Mjomba wako