AFCON 2027: Wanafunzi wa vyuo wapangiwe nafasi zao mapema

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo linalowahusu wakuu wa vyuo, kamati za maandalizi ya AFCON 2027 na wanafunzi wenyewe. Fainali hizo za Kombe la Mataifa ya Afrika, ambazo Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja Septemba 2023, zimepangwa kuchezwa Juni na Julai 2027. Kwa vyuo vyetu vingi huo ndio wakati wa kumalizia muhula wa pili na kufanya mitihani ya UE, yaani ya mwisho wa muhula. CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, haikutupa shida hiyo. Ilichezwa kuanzia tarehe 2 hadi 30 Agosti 2025, vyuo vingi vikiwa likizo, na mwanafunzi aliyetaka kujitolea Benjamin Mkapa au Amaan hakulazimika kuchagua kati ya uwanja na chumba cha mtihani. Safari hii atalazimika. Atajiandikisha mapema kwa moyo mweupe, atahudhuria semina, kisha ratiba ya mitihani ikibandikwa atapotea kimya kimya, na siku ya mechi geti lililopangiwa watu kumi litakuwa na wanne.

Dawa iko kwenye seneti za vyuo, na inatakiwa sasa kabla almanaka ya mwaka huo wa masomo haijapitishwa. Chuo kinachoweza kusogeza mitihani kisogeze. Kisichoweza kitoe ratiba ya UE angalau miezi mitatu kabla, ili zamu za uwanjani zipangwe kwa kuizunguka: mwenye mtihani kesho asipewe zamu ya usiku wa leo, basi. Tunasihi vyuo visiwaahidi vijana mitihani maalumu kama njia ya mkato. Mitihani hiyo kwa kawaida hufanyika pamoja na ya marudio, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kujikuta anachelewa kuhitimu kwa ajili ya mechi sita.

Kuna mlango mwingine ambao haujatumika ipasavyo: mafunzo kwa vitendo, yale wanafunzi wanayoyaita fildi. Siku za uwanjani zinaweza kuhesabiwa humo, kwa sharti moja, kwamba kazi ifanane na kozi. Wa uandishi wa habari awe kituo cha wanahabari, wa utalii awe uwanja wa ndege na hotelini, wa TEHAMA awe kwenye mfumo wa vitambulisho, wa uuguzi awe chumba cha huduma ya kwanza. Mwanafunzi wa TEHAMA aliyegawa maji siku ishirini amefanya kazi ya heshima, lakini msimamizi wake wa fildi hana cha kukagua.

Jambo la pili ni kutenganisha kujitolea na ajira. Mashindano makubwa huhitaji vyote viwili. Anayejitolea anaelekeza watu, anatafsiri, anapokea wageni, na halipwi mshahara. Anapewa sare, chakula, nauli na bima. Anayeuza vinywaji vibandani, anayefunga mahema, anayesafisha majukwaa usiku au anayevuta nyaya za televisheni anafanya biashara ya mtu mwingine iende, na huyo ni mfanyakazi hata kama zamu yake ni ya siku tatu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5, na anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 ana haki ya mapumziko ya saa moja. Mwanafunzi anayeambiwa "jitolee tu, utapata uzoefu" huku akiuza soda za kampuni aulize mkataba wa kazi maalumu, kwa maandishi, kabla ya kuvaa fulana. Malipo nayo yana mtego wake mdogo: namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mjomba haitalingana na jina lililoko kwenye orodha, na fedha itakwama. Hilo lirekebishwe siku ya kujiandikisha, wala lisingojee siku ya malipo.

Sasa tuje getini, ambako ndiko makosa yanakogharimu maisha. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unaweka kikomo cha watu 660 kwa saa kwa kila njia ya kuingilia. Chukua Mkapa, wenye watazamaji 60,000. Ukitaka waingie wote ndani ya saa moja, unahitaji njia 91 zinazofanya kazi bila kusita, na kila mtu ana sekunde tano na nusu za kusomewa tiketi na kupita. Shabiki mmoja ambaye simu yake imezima, au anayetafuta meseji ya tiketi katikati ya meseji mia mbili, akila sekunde arobaini, amekula nafasi ya watu saba walioko nyuma yake. Wakiwa kumi wa namna hiyo kwenye njia moja, foleni inaacha kuwa foleni, inageuka umati.

Ndiyo maana tunasema mwanafunzi asiwekwe getini penyewe. Awekwe mita 40 au 50 kabla ya geti, apite kwenye foleni na maswali mawili tu: tiketi iko wazi kwenye simu? Geti lililoandikwa ndilo hili? Aombe mwanga wa skrini uongezwe, maana mashine nyingi za kusomea tiketi hushindwa na skrini hafifu au iliyopasuka. Mwenye tatizo asiachwe afike mbele. Atolewe pembeni, kwenye meza ya matatizo yenye pawabenki kadhaa, kiongozi wa kikundi na mtu wa mfumo wa tiketi. Kwa hesabu yetu, mwanafunzi mmoja aliyefundishwa vizuri anatosha kusafisha foleni za njia mbili. Mashabiki wetu wamezoea N-Card, kadi ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani, kwenye ligi, hivyo kama AFCON itakuja na mfumo mwingine wa tiketi, wapo watakaofika na kadi ileile mkononi wakiamini wako sawa. Watu hao wakutane na mtu mpole mita 50 kabla, wasikutane na chuma kilichofungwa.

Kazi ambazo mwanafunzi hatakiwi kuzigusa ni kupekua watu, kushika ufunguo wa lango, na kushikana mikono na wenzake kuziba njia. Januari 24, 2022, kabla ya mechi ya Cameroon na Komoro kwenye uwanja wa Olembé jijini Yaoundé, watu 8 walikufa kwenye lango la kusini, na rais wa CAF, shirikisho la soka Afrika, Patrice Motsepe alisema hadharani kwamba kulikuwa na geti lililotakiwa kuwa wazi lakini lilifungwa. Hapa kwetu, Mei 2023, msongamano wa kuingia Mkapa siku ya fainali ya Yanga na USM Alger uliondoa uhai wa mtu mmoja na kujeruhi wengine. Na wakati wa CHAN, baada ya watu kuvamia mageti ya uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, CAF iliuwekea uwanja ule kikomo cha watazamaji 27,000 wenye tiketi za kielektroniki pekee. Hayo si mambo ya kijana wa miaka ishirini mwenye fulana na filimbi.

Anachotakiwa ni kuzijua dalili. Watu wakishindwa kuinua mikono yao, umati ukianza kuyumba pamoja kama wimbi, watoto wakianza kupitishwa juu ya vichwa, amekwisha kuona vya kutosha: atoe taarifa hapohapo. Na ajue kwamba msongamano unaponywa kutoka nyuma. Walioko mbele hawawezi kurudi hata wakipigiwa kelele, na walioko nyuma wanasukuma kwa sababu hawaoni kinachotokea mbele; kwa hiyo wa kusimamishwa ni wale wa mkiani, kwa kipaza sauti, kwa maneno machache na ya kweli. Kuwaambia "geti linafunguliwa sasa hivi" wakati halifunguliwi ni kumwaga petroli kwenye moto.

Taarifa hiyo itatolewaje? Hapa waandaaji wengi hukosea, kwa kutegemea kundi la WhatsApp. Watu makumi elfu wakikusanyika sehemu moja na kurusha video, mtandao wa simu unalemewa, na ujumbe wa saa 12 jioni unafika saa 2 usiku mechi ikiwa imeanza. Kila kikundi cha watu kumi kiwe na redio moja ya mkononi na betri ya akiba, na kila mtu awe na kadi ya karatasi mfukoni yenye ramani ya mageti, huduma ya kwanza, vyoo, njia ya viti vya magurudumu, meza ya watoto waliopotea na jina la kiongozi wake. Kadi hiyo iwe kwa Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili.

Kuhusu kurudi nyumbani: mechi ikianza saa 2 usiku, mageti hufunguliwa saa 11 jioni, na kikundi kinatakiwa uwanjani saa 9 alasiri. Mechi inaisha karibu saa 4; ikienda muda wa nyongeza na penalti, sogeza hadi saa 5 kasoro robo. Hesabu dakika 45 za kuwatoa mashabiki, na mwanafunzi anaachiwa saa 5 na nusu usiku, Temeke, wakati daladala ni za kubahatisha na hosteli yake iko ng'ambo ya mji. Kumpa nauli taslimu hakutoshi. Wekeni mabasi yanayojulikana kwa namba, yanayosubiri sehemu moja kila siku, na orodha ya majina: basi lisiondoke mpaka kila aliyetiwa tiki mchana ametiwa tiki usiku. Walinzi wa hosteli nao wapewe orodha hiyo, la sivyo binti aliyefanya kazi kwa muda wa saa nane ataanza kujieleza langoni saa 6 usiku. Chakula kiliwe saa 10 na nusu, kabla mageti hayajafunguliwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayepata nafasi ya kukaa.

Kwa lugha tuko vizuri kuliko tunavyojidhania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha Kifaransa, SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, inafundisha Kiarabu. Kinachokosekana ni msamiati wa mpira na wa hospitali. Mfasiri anayejua fasihi lakini hajui kusema "msuli wa nyuma ya paja" atamkwamisha daktari wa timu ya Mali au Algeria. Wiki mbili za maneno 300 zinatosha.

Nafasi inayohitaji umakini kuliko zote ni ya msindikizaji wa mchezaji aliyechaguliwa kupimwa dawa zilizokatazwa michezoni. Tangu mchezaji anapoarifiwa hadi anapofika chumba cha vipimo, msindikizaji hatakiwi kumpoteza machoni hata dakika moja. Asimpe chupa iliyofunguliwa. Mchezaji achague mwenyewe iliyofungwa. Asimwombe picha wala jezi. Akimpoteza kwa sekunde chache, aseme ukweli kwa afisa wa vipimo, kwani kuficha kunaweza kuharibu kesi nzima. Nafasi hii apewe mwenye utulivu hata kama si shabiki mkubwa.

Vitambulisho vianze mapema. Jina la kwenye kitambulisho cha NIDA, la kwenye cheti cha kidato cha nne na la kwenye kitambulisho cha chuo mara nyingi hutofautiana kwa herufi moja, na ukaguzi wa kiusalama hauangalii nia njema ya mtu. Jina linalotumika liwe la NIDA, na picha ipigwe kwenye ukuta mweupe, si selfi ya hosteli. Waandikishwe watu 130 kwa kila nafasi 100, kwa kuwa wapo watakaougua, watakaopata fildi mkoani na watakaokataliwa beji.

Mwisho ni cheti. Cheti kinachosema "alishiriki" hakimsaidii mhitimu mbele ya mwajiri. Kiandike uwanja, nafasi aliyoshika, idadi ya zamu na saa, lugha aliyoitumia, na jina la msimamizi anayeweza kupigiwa simu. Kigawiwe siku ya zamu ya mwisho, kabla ofisi ya mashindano haijafungwa na mihuri yake kusambaa.

Wako katika ujenzi wa michezo,
Waratibu wa vijana wa kujitolea,
Dar es Salaam